KUKATA KUNI KWA MSUMENO WA MNYORORO: JINSI YA KUJIKINGA NA AJALI



Somo letu safari hii linahusu msumeno wa mnyororo, yaani ule msumeno wa injini ya petroli ambao wengi huuita chenso au pawaso. Katika makazi kama Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali, mtu mwenye msumeno anaweza kuitwa na majirani, wakachangishana pesa za petroli, naye akawakatia gogo moja likatosha nyumba nyingi. Na huku Kampala, kijana Mkongomani au Mrundi anayetafuta kibarua anaweza kuwa Ndeeba asubuhi, kwenye biashara za mbao, na mchana akawa kwenye shamba la mikaratusi (Waganda huiita kalitunsi) huko Wakiso, Mukono au Mpigi, ameshikishwa msumeno ambao hajafundishwa hata namna ya kuuzima.

Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti pale penye watu wasiojua kusoma. Wanaoumia si wale wanaoshika msumeno peke yao. Anaumia pia anayeshikilia gogo, na mtoto aliyesimama karibu kutazama.

JE, UNAUHITAJI KWELI?

Tuanze hapa kabla ya kuwasha injini. Kuni za jiko la nyumba moja hazihitaji msumeno wa mnyororo. Matawi yenye unene wa mkono hukatwa vizuri kwa panga, shoka au msumeno wa mkono. Mashine inafaa pale penye gogo nene na watu wengi wanaolisubiri, au kazi ya kibiashara kama kuni za tanuru la matofali, za bwalo la shule au za mahali pa kuokea mikate. Mtu anayewasha mashine ili akate vijiti anajitafutia ajali: kijiti chembamba hukamatwa na meno, kikazungushwa na kumpiga usoni.

Tunajua kwamba kuni si jambo dogo katika maisha ya mkimbizi. Wazee wetu waliokuwa Goma mwaka 1994 wanakumbuka jinsi watu walivyoingia katika Hifadhi ya Virunga kila siku kutafuta kuni, hadi zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu zikaharibiwa. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka hifadhi hiyo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kule Dadaab, Kenya, wanawake wengi walibakwa walipokwenda porini kutafuta kuni, na mwaka 1998 ulianzishwa mpango wa kugawa kuni kambini ili kupunguza safari hizo. Kwa hiyo hatusemi msumeno ni adui. Kikundi kinachokata gogo moja pamoja, karibu na nyumbani, mchana kweupe, kinaweza kuwaokoa akina mama safari nyingi za porini. Tunachotaka ni kwamba safari ya kwenda porini isigeuzwe kuwa safari ya kwenda hospitali.

Na mti uwe wa halali. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, chini ya sheria ya mwaka 2003, nayo makao yake makuu yako Bugolobi, Kampala. Kuingia humo na msumeno bila kibali ni kosa, iwe ni Mabira kwenye barabara ya Jinja au Bugoma iliyo jirani na Kyangwali. Mti ulio shambani kwa mtu ni wa mtu huyo, hata kama umekauka na kuanguka wenyewe. Muulize mwenyewe, na ikiwa ni ndani ya makazi muulize mwenyekiti wenu na ofisi ya kamanda wa makazi. Ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji huweza kuanza kwa tawi moja tu.

UJUE MSUMENO KABLA HAUJAKUJUA

Kuna injini, na mbele yake kuna bamba refu la chuma ambalo mafundi huliita baa. Mnyororo wenye meno huzunguka pembeni mwa baa hiyo. Injini ikiwa katika kasi kubwa, mnyororo hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde, sawa na gari linalokwenda kilomita 70 kwa saa. Ni haraka kuliko mkono wa mtu unavyoweza kukwepa. Wala meno yake hayakati kama wembe. Yanang'oa. Yakipita kwenye paja hayaachi mstari, yanaacha mtaro wenye upana wa nusu sentimita au zaidi, nyama imeondoka pamoja na vipande vya suruali, uchafu wa gogo na oili. Ndiyo maana vidonda vyake huwa vigumu kushonwa na huoza upesi.

Sehemu zinazoumia zaidi ni miguu na magoti. Baadaye huja mkono wa kushoto, kisha uso na shingo. Kidonda cha shingo hutokana na jambo moja ambalo kila anayeshika msumeno lazima alielewe, nalo ni kuruka kwa msumeno.

Tazama ncha ya baa, pale mnyororo unapopinda kurudi nyuma. Igawe ncha hiyo sehemu mbili, ya juu na ya chini. Nusu ya juu ndiyo yenye hatari. Ikigusa kitu kigumu wakati mnyororo unazunguka, iwe tawi lililojificha, gogo la pili lililo nyuma ya lile unalokata, au hata ardhi, meno hushindwa kupenya na nguvu yote ya injini huurusha msumeno juu na nyuma, kumwelekea aliyeushika. Hakuna muda wa kufikiri. Kabla macho hayajaona, baa imeshafika kwenye bega au shingo.

Basi kinga yake ni hii: usikate kwa ncha, na kabla ya kukata angalia kuna nini nyuma ya gogo. Shika kwa mikono miwili siku zote, wa kulia kwenye mpini wa nyuma, wa kushoto kwenye mpini wa mbele, na dole gumba la kushoto lizunguke mpini kabisa, lisilale juu yake pamoja na vidole vingine. Mtu wa mkono wa kushoto naye ashike hivyohivyo, kwa sababu mashine imetengenezwa kwa namna hiyo. Usiinue msumeno ukapita urefu wa bega. Usimame kidogo upande wa kushoto wa mstari wa baa, ili ikiruka ipite kando ya kichwa chako.

Mbele ya mpini wa mbele kuna kinga ya plastiki inayosukumika. Hiyo ndiyo breki ya mnyororo. Msumeno ukiruka, kinga husukumwa na mkono, au hujisukuma yenyewe kwa nguvu ya mruko, na mnyororo husimama papo hapo. Misumeno ilianza kuwekewa breki hizi miaka ya 1970 baada ya wakata miti wengi kuumia. Kwa maoni yetu, msumeno usio na breki inayofanya kazi si msumeno wa kukodi hata ukipewa bure. Tunasema hivi kwa sababu msumeno wa mitumba unaweza kufika mikononi mwako kinga ikiwa imevunjika au imeondolewa kabisa, na muuzaji akakuambia kwamba "haina kazi".

KABLA YA KULIPA, KAGUA

Iwe unakodi, unaazima au umepewa na tajiri wa shamba, fanya ukaguzi huu injini ikiwa imezimwa. Sukuma kinga ya breki mbele: lazima ilie "ka!" na mnyororo usivutike kwa mkono. Irudishe nyuma: sasa mnyororo uzunguke ukivutwa na mkono uliovaa glavu. Mnyororo usining'inie chini ya baa, maana uliolegea huchomoka, wala usikazwe hadi ukagoma kuzunguka. Tazama ekseleta. Juu ya mpini wa nyuma kuna kifungio ambacho lazima kibonyezwe na kiganja ndipo ekseleta ikubali kuvutwa. Kama watu wamekifunga kwa waya au mpira ili kurahisisha kazi, ukatae. Tazama pia swichi ya kuzimia. Msumeno unaozimwa kwa kuziba hewa au kuchomoa waya wa plagi hautazimika siku utakapohitaji uzimike.

Ukishauwasha, uache uunguruma polepole bila kugusa ekseleta. Mnyororo usizunguke. Ukizunguka, skrubu ya karabureta haijarekebishwa vizuri, na kila hatua utakayotembea nao utakuwa umebeba meno yanayokimbia. Kisha elekeza ncha ya baa kwenye kisiki cheupe au kipande cha karatasi bila kukigusa, na uongeze moto kidogo. Ukiona mstari mwembamba wa oili umejichora, baa inapata mafuta. Usipouona, mnyororo utapata moto, utarefuka na unaweza kukatika.

Unga wa mbao nao husema kweli. Meno makali hutoa vipande vikubwa kama vya randa. Meno butu hutoa vumbi laini, na mkataji huanza kukandamiza kwa nguvu. Hapo ndipo anapoteleza. Noa kwa tupa ya mviringo inayolingana na mnyororo, sukuma kuelekea upande mmoja tu, idadi sawa ya mapito kwa kila jino, glavu zikiwa mkononi na injini imezimwa. Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo cha chuma. Kinundu hicho hupima jinsi jino linavyouma mti. Wako wanaokisaga sana wakidhani msumeno utakata haraka zaidi. Utakata haraka, ndiyo, na utaruka mara nyingi zaidi.

MAVAZI

Vitabu vya wazungu vinataka kofia ngumu yenye wavu wa uso, vizibo vya masikio, glavu, viatu vyenye chuma na suruali maalumu. Suruali hiyo ina nyuzi ndefu ndani yake: mnyororo ukiigusa, nyuzi huvutwa, huzunguka kwenye gia na kuisimamisha injini kabla haijafika kwenye nyama. Ni kitu kizuri sana. Pia ni kitu ambacho wengi wetu hatuwezi kukinunua. Kikundi kinaweza kuchangia suruali moja ya kufunga kwa mikanda juu ya nguo, ikavaliwa na yeyote mwenye zamu, na kama shirika au mwajiri anauliza mnahitaji kifaa gani, taja hiyo kwanza kabla ya msumeno wa pili.

Usipokuwa nayo, elewa kwamba jinzi haikingi chochote. Hata hivyo vaa suruali ndefu isiyopwaya, shati lililochomekwa, na viatu vya kufunga au gambuti. Gambuti la kawaida halizuii mnyororo, lakini halitelezi kama sapatu. Kitenge, skafu, kamba ya shingoni, tasbihi au rozari, vyote viachwe nyumbani. Nywele ndefu zifungwe chini ya kofia. Miwani ya kukinga macho si ya ghali, na ukikosa kila kitu kingine usikose hiyo.

Masikio husahaulika kwa sababu hayatoki damu. Kelele za msumeno hupita desibeli 100. Kwa kelele za kiwango hicho, robo saa kwa siku bila kinga inatosha kuanza kuharibu usikivu, na usikivu ukishapotea haurudi. Mtetemo nao, mtu akikata siku nzima kwa miezi mingi, hufanya vidole kufa ganzi na kugeuka vyeupe wakati wa baridi. Pokezaneni. Dakika ishirini au thelathini kwa mtu mmoja, kisha mwingine anachukua naye anakwenda kuchanja.

MAFUTA

Injini hizi hutumia petroli iliyochanganywa na oili ya injini za mipigo miwili. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye mashine au kwenye chupa ya oili. Kikiwa 50 kwa 1, dumu la lita 5 huchukua mililita 100 za oili. Kikiwa 25 kwa 1, ni mililita 200. Changanya ndani ya dumu na ulitikise, kisha ndipo umimine kwenye tangi. Oili ya mnyororo ina tangi lake peke yake, usibadilishe.

Jaza mafuta injini ikiwa imezimwa na imepoa, mahali pasipo na majani makavu, mbali na jiko, na pasiwe na mtu anayevuta sigara. Ukimaliza funga vifuniko vyote, futa yaliyomwagika, kisha sogea hatua tatu au nne kabla ya kuwasha. Mvuke wa petroli hauonekani na hutambaa chini kama moshi mzito.

Usiweke petroli katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtoto hachunguzi harufu, anaona chupa tu. Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa usimtapishe, wala usimlazimishe kunywa maziwa ili atapike, maana mafuta yakirudi juu huingia kwenye mapafu na hapo ndipo yanapoua. Mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na chupa yenyewe.

KUWASHA

Funga breki ya mnyororo. Laza msumeno chini pasafi, baa isiguse kitu. Ingiza ncha ya kiatu cha kulia ndani ya mpini wa nyuma, kandamiza mpini wa mbele kwa mkono wa kushoto uliyonyooka, ndipo uvute kamba kwa mkono wa kulia. Utawaona vijana wengine wakiuangusha msumeno kwa mkono mmoja huku wakivuta kamba kwa mwingine. Hupendeza kutazama. Msumeno ukiwaka katika hali hiyo, unakuwa umeshikwa na mkono mmoja, baa inayumba karibu na goti, na breki haijafungwa.

Unapotembea hata hatua tano, funga breki. Ukienda mbali zaidi, zima, baa ielekee nyuma.

KUKATA GOGO: JUU AU CHINI KWANZA?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwanza nafasi. Asiwepo mtu ndani ya mita tano za anayekata, wala mbuzi. Mkubaliane ishara, kwa maana mkataji hasikii: mtu akitaka kumfikia, aje kwa mbele ambako ataonekana, apunge mkono, asubiri injini izimwe. Usimguse bega kwa nyuma. Asiwepo wa kushikilia gogo kwa mkono wala wa kulikanyaga kwa mguu. Gogo dogo lilazwe kwenye kiunzi, yaani vijiti vilivyofungwa mfano wa herufi X viwili au vitatu, na litakaa bila kushikwa. Kiunzi hicho hutengenezwa kwa muda usiozidi saa moja na hugharimu misumari tu.

Gogo lililolala juu ya kitu lina pande mbili. Upande mmoja nyuzi zake zinabanwa, upande mwingine zinavutwa. Ukikata upande unaobanwa hadi ndani sana, mti hufunga mdomo na kuibana baa. Ukianza na upande unaovutwa, gogo linaweza kupasuka kwa ghafla na kukurukia. Kwa hiyo tazama kwanza uzito unaelemea wapi.

Gogo likiwa limeegemea ncha zote mbili na katikati iko hewani, kama daraja, uzito unavuta katikati kwenda chini. Juu panabanwa, chini panavutwa. Anza juu, kata theluthi moja ya unene, kisha hamia chini na ukate kwenda juu mpaka mikato ikutane. Ukikata kutoka chini unatumia mgongo wa baa, na mnyororo utakusukuma kuja kwako, kwa hiyo jikaze miguu.

Gogo likiwa limeegemea ncha moja, nyingine ikielea, mambo hugeuka. Juu panavutwa, chini panabanwa. Anza chini kwa theluthi moja, malizia kutoka juu. Kipande kitaanguka, hivyo miguu yako isiwe chini yake.

Lililolala chini kabisa likate kutoka juu hadi theluthi mbili, ligeuze kwa mti wa kulisukumia, malizia upande wa pili. Usikate hadi mnyororo uguse udongo. Mchanga hufanya meno kuwa butu mara moja, na jiwe likigonga meno hutoa cheche na vipande vya chuma. Baa ikibanwa usivutane nayo injini ikinguruma. Zima, gonga kabari ya mbao katika mkato ili ufunguke, kisha itoe. Kabari mbili zikae mfukoni tangu mwanzo.

Penye mteremko simama upande wa juu wa gogo. Tawi lililopindwa chini ya gogo kama upinde, liogope. Likikatwa kwa ghafla hufyatuka kwa nguvu ya kuvunja taya. Likate kidogokidogo kwenye upande wa ndani wa upinde, ukisimama pembeni.

KUANGUSHA MTI

Hatutafundisha kuangusha mti mkubwa kwa karatasi. Kazi hiyo hujifunzwa shambani, chini ya mtu aliyeifanya miaka. Tunasema machache tu kwa wale watakaokuwa karibu. Kaeni mbali mara mbili ya urefu wa mti: mti wa mita 20, kaeni mita 40. Mkataji hutoa kwanza kipande cha kabari upande mti utakaoangukia, kisha hukata kwa nyuma, na kati ya mikato hiyo huacha utepe wa mti usiokatwa, karibu sehemu moja ya kumi ya unene. Utepe huo ni bawaba ya mlango. Anayeumaliza hana tena amri juu ya mti. Njia ya kukimbilia isafishwe kabla, kwenda nyuma kwa mshazari. Mti uliokwama juu ya mwingine asipite mtu chini yake, hata mkikaa hivyo siku mbili mkimsubiri mwenye ujuzi. Na mti wenye matawi yanayogusa nyaya za umeme usiguswe kabisa. Tangu Aprili 2025 nyaya za kusambaza umeme ziko chini ya UEDCL, ambayo ilichukua kazi hiyo kutoka kwa Umeme. Wao ndio wa kuitwa, iwe mjini au kijijini.

DAMU IKITOKA

Kabla ya kuwasha msumeno, kikundi kiwe na vitu hivi: vitambaa safi vilivyofuliwa na kuanikwa juani, kipande cha nguo imara chenye upana wa vidole vitatu, kijiti kigumu, simu yenye chaji, na mtu anayejua bodaboda au gari lililo karibu. Mtu asikate kuni peke yake porini.

Mtu akikatwa, zima msumeno, mlaze. Weka kitambaa safi juu ya kidonda na ukandamize kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu kweli, bila kuinua kutazama, angalau dakika kumi. Damu ikilowa, ongeza kitambaa cha pili juu ya cha kwanza, usikiondoe kile. Wengi huishiwa damu kwa sababu kila anayefika hufunua kidonda ili aone.

Damu ikiruka kwa mapigo kutoka mguuni au mkononi na kukandamiza hakutoshi, funga ile nguo juu ya kidonda, upande wa kuelekea moyo, vidole vinne hivi kutoka kwenye kidonda, wala si juu ya goti au kiwiko. Weka kijiti kwenye fundo, kizungushe mpaka damu isimame, kisha kifunge kisirudi. Itamuuma sana, mwambie hivyo mapema. Andika saa kwenye paji lake la uso au kwenye karatasi. Usifungue mpaka mfike kwa daktari. Kwa shingo na uso usifunge kitu cha kukaza, kandamiza tu.

Usimwage kwenye kidonda udongo, majivu, majani yaliyosagwa, unga wa kahawa, mafuta ya taa wala oili ya mashine. Tunajua wazee wana dawa zao na tunawaheshimu, lakini kidonda cha msumeno kimeshajaa uchafu tayari. Mfunike mgonjwa apate joto. Akipelekwa kwa bodaboda asiachwe nyuma peke yake, awe katikati, na mtu wa nyuma amshikilie huku akiendelea kukandamiza. Ndani ya Uganda namba za dharura za polisi ni 999 na 112. Hapa Kampala, majeraha makubwa hupokelewa Mulago. Aliye kwenye makazi aanze na kituo cha afya kilicho karibu, wao ndio wataandika barua ya kumpeleka mbele. Aombe sindano ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo na kimeacha kutoka damu.

UKIUMIA KWENYE KIBARUA

Mkimbizi nchini Uganda ana haki ya kufanya kazi kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huohuo, inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamfanya mwajiri awajibike kwa mfanyakazi anayeumia kazini. Tajiri anaweza kusema kwamba hukuandikiwa mkataba. Usikubali neno hilo kuwa la mwisho. Siku ya kwanza ya kazi andika mahali jina la shamba, jina la aliyekuajiri na namba yake ya simu, na mwachie mkeo, mumeo au rafiki karatasi hiyo. Ukiumia, tunza karatasi zote za hospitali, mjulishe mwajiri mapema mbele ya shahidi, kisha nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya ambamo ajali ilitokea. Mawakili wa msaada wa kisheria wanaowahudumia wakimbizi wanaweza kukusindikiza kama unaogopa au hujui Kiingereza wala Kiganda.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gogo limelala juu ya mtaro, ncha moja iko ukingo huu na nyingine ukingo ule. Mtaanza kulikata juu au chini? Kwa nini? Chukueni kijiti kibichi, kiwekeni juu ya mawe mawili, kikandamizeni katikati na mtazame gome linapojikunja na linapopasuka.

2. Mwenye msumeno anasema breki imeharibika lakini yeye ameutumia miaka mitatu bila kuumia, naye anawapunguzia bei. Mtamjibu nini, na nani kati yenu atakayesema?

3. Ni saa kumi jioni, mvua inakaribia, vimebaki vipande vitano na petroli ya kutosha. Aliyeshika msumeno mikono inatetemeka. Nani mwenye amri ya kusema kazi isimame leo?

4. Katika mtaa wenu, bodaboda iliyo karibu zaidi ni ya nani, na namba yake anayo nani?